Mama Mafunzo na Filimbi za Kiwandani

Pale kiwandani kwetu Bariadi ilikuwa hatari kusema "nimeelewa." Ukilitamka tu, Mama Mafunzo alikutazama mikono badala ya uso, akauliza kwa upole wa kutisha, "Na mikono yako nayo imeelewa?" Ukijibu ndiyo, umekwisha. Alikuwa akivua kofia yake ya kazi, anaiweka juu ya robota la pamba, anafunga mikono nyuma na kusema, "Haya, mimi ni mgeni hapa, nimeshuka kwenye basi sasa hivi, sijui kitu. Nifundishe."

Kwenye makaratasi ya ofisi aliandikwa afisa mafunzo. Sisi wa zamu tulimwita Mama Mafunzo, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina lake lingine alilitumia kanisani na kwa mumewe, nasi hatukuwa na haki nalo.

Ugeni wake ule ulikuwa mtego. Alifanya kile tu ulichomwambia, na kila ulichosahau kumwambia alikikosea mbele yako makusudi. Siku moja alimwendea mwenzangu wa presi, ngosha mmoja, yaani mwanaume wa Kisukuma, mwenye mabega mapana aliyekuwa akijisifu kwamba anafunga robota hata akiwa amefumba macho. Presi ndiyo inayozikandamiza nyuzi za pamba mpaka ziwe mzigo mgumu, kisha tunaufunga kwa waya. Mwenzangu alimweleza yote harakaharaka, ingiza pamba, sawazisha, bonyeza. Alipopeleka kidole kwenye kitufe alisikia sauti tulivu ikimwambia, "Mwalimu, mkono wangu bado uko ndani. Tunaendelea?"

Kweli mkono ulikuwa ndani, umelala juu ya pamba. Yule ngosha alikaa chini akaomba maji. Tangu siku hiyo presi yetu haiguswi mpaka mwenzako ainue mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi, na sijaona tena mtu akiumia kidole pale.

Kabla hajaja, mafunzo kwetu yalimaanisha soda. Anakuja bwana mmoja kutoka Mwanza amevaa tai, tunakusanywa kwenye chumba cha kulia, anawasha picha zake ukutani, anatusomea maneno tunayoyaona wenyewe. Tunapiga makofi, tunakunywa soda, tunarudi kwenye mashine na kufanya vilevile tulivyofanya jana. Sisemi bwana yule alikuwa mjinga, alijua mambo mengi kutuzidi wote. Shida ni kwamba alikuja nayo na akaondoka nayo.

Mama Mafunzo alipoanza alifuta soda. Alileta beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo kila Msukuma amekulia navyo, akaliweka katikati ya sakafu ya kiwanda, mashine zikiwa zimezimwa. "Huwezi kutafuna matobolwa huku unasinzia," alisema. Ni kweli, taya linakuwa na kazi na macho yanabaki wazi.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana, na tukiyataja mpaka leo tunacheka. Alituambia hakuna binadamu asiyefundishika, lakini simu ya kupangusa ilimshinda kabisa. Akitaka kupiga picha kinu kilichoharibika alipiga picha kidole chake, kisha anaituma kwa meneja kwa fahari. Alimkaripia anayechelewa zamu, lakini vikao vya ofisini alichelewa vyote, kwa sababu asubuhi hakuweza kumpita mtu bila kumsalimu kwa Kisukuma mwanzo mpaka mwisho. "Mwangaluka," halafu wa nyumbani, halafu mvua, halafu mifugo, halafu yule mgonjwa wa wiki iliyopita. Meneja alikuwa akimsubiri na chai inapoa.

"Nikimsalimu vizuri," alijitetea, "najua kama leo anafundishika au ana msiba kichwani."

Na aliogopa ng'ombe. Mtu mzima, Msukuma wa Nassa, aliyeolewa kwa ng'ombe, katika mkoa huu ambao mtoto anachunga kabla hajajua kufunga viatu. Kwenye kinu chenye meno ya chuma alipitisha mkono kusafisha bila kupepesa macho, lakini akimwona ndama barabarani alihamia upande wa pili. Tulimtania bila huruma. Alitujibu kwamba kinu kina kitufe cha kukizima, ng'ombe hana.

Sasa nifike kwenye lile lililomfanya awe yeye.

Kazi yetu ni kuchambua pamba. Pamba inakuja kutoka vijijini ikiwa na mbegu ndani, mkanda unaipeleka kwenye vinu, vinu vinatenganisha nyuzi na mbegu, nyuzi zinaletwa kwetu kwenye presi. Kando ya mkanda wanasimama watu wa kuokota uchafu, majani, mawe, chochote kilichopanda lori pamoja na pamba. Mwisho wa mkanda, mdomoni mwa kinu, anasimama mlishaji, naye ndiye mwenye kitufe chekundu cha kuzima.

Mlishaji wetu alikuwa Mzee Masanja wa Sapiwi, mtu wa maneno machache. Msimu mmoja ofisi iliajiri waokotaji wapya, na mmoja wao akawa Kabula, mke wa mtoto wa Mzee Masanja. Karani aliyepanga zamu hakuwa mtu wa huku. Aliona majina mawili, akayaweka kwenye mkanda mmoja.

Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamtazami usoni, wakikutana njiani anampisha, na kumpazia sauti ni jambo lisilofanyika. Wala si chuki. Wale wawili waliheshimiana sana, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Pamba ilipokuwa inamiminika katikati ya msimu, Kabula aliona kipande cha chuma kimepita mbele yake kwenye mkanda, mkono ukakikosa. Mbele pale alikuwepo baba mkwe na kitufe chake, hatua chache tu. Angesema neno moja kinu kingezimwa. Badala yake aliziba mdomo kwa khanga, akazunguka vinu vyote mbio mpaka kwenye presi, akanishika mkono. "Kaka, mwambie Baba kuna chuma."

Nilikimbia, lakini chuma kilinitangulia. Kiligonga meno ya kinu kikatoa cheche, na pamba haihitaji cheche mbili. Tulipambana na ule moto kwa mchanga na maji mpaka tukawa weusi wote. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu, lakini kinu kiliteketea na malori yakapanga foleni mpaka nje ya geti.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepata hasara. Alitukusanya uani na kusema Kabula aende nyumbani siku hiyohiyo, wanawake wote watoke kwenye mkanda, na msimu ujao ataleta watu wa nje ambao tayari wanajua kazi. Kabula alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, analia bila sauti. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto wake.

Mama Mafunzo alitoka mbele, masizi yamemjaa usoni.

"Meneja, huyu aliona chuma. Kati yetu wote ni yeye peke yake aliyeona. Ndiye unayemfukuza?"

"Aliona akanyamaza."

"Basi mbovu ni huo unyamavu, macho yake ni mazima. Hao wa nje unaowataka, mtu aliwafundisha. Niachie mimi hawa mpaka mwisho wa msimu. Kinu kikiungua tena, nafunga mizigo yangu pamoja na ya Kabula."

Meneja alisema sawa, mpaka mwisho wa msimu. Tulijua sote kwamba meneja hakuwa anatania, na Mama Mafunzo naye hakuwa anatania.

Mama Mafunzo alianza vibaya, na ninasema hivyo kwa upendo. Kesho yake alimsimamisha Kabula kwenye mkanda mbele yetu, mashine zimezimwa, Mzee Masanja kwenye nafasi yake. "Umeona chuma," alimwambia. "Piga kelele, 'Baba, zima.'" Kabula alifungua mdomo, hakikutoka kitu, machozi yakamtangulia. Mzee Masanja alivua glavu zake taratibu, akaziweka juu ya mkanda, akatoka getini bila kuaga. Siku iliyofuata hakuja kazini.

Mpaka leo sijui Mama Mafunzo alifikiri nini. Labda alidhani ukwe unaachwa getini pamoja na baiskeli.

Jioni ile aliniomba nimpeleke Sapiwi, kwa kuwa natokea huko. Tulifika saa ile mbaya kwake, mifugo inarudi. Kundi zima la Mzee Masanja lilikuwa limejaa njia ya kuingia bomani, vumbi na pembe. Mama Mafunzo alisimama. Niliona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikamwambia tusubiri waingie zizini. Alisema tukisubiri atarudi Bariadi, anajijua. Alishika shati langu kwa nyuma, akafumba macho, akanifuata katikati ya ng'ombe akinong'ona sala.

Mzee Masanja alikuwa amekaa kwenye kigoda akituona. Nina hakika kabisa kwamba alishalainika kabla hatujafika, maana kiwanda kizima kilijua habari za Mama Mafunzo na ng'ombe.

Wakasalimiana kirefu, kama ipasavyo. Kisha mzee akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, kuzima mashine hakunisumbui. Hata meneja akinipigia kelele ninazima. Lakini mke wa mwanangu akinipazia sauti mbele ya watu, jioni tutakaa vipi kwenye boma moja?"

"Nimekosea, Bhabha. Ndiyo maana nimepita kwenye ng'ombe wako." Akachuchumaa mbele ya kigoda. "Hebu nieleze. Hapa nyumbani, umekaa hivi, Kabula akaona nyoka yuko karibu na mguu wako. Anafanyaje?"

Mzee alifikiri. "Anafukuza kuku."

"Kuku?"

"Anawafukuza kwa kelele. 'Tokeni hapo, tokeni hapo.' Mimi nasikia, nahama pamoja na kuku."

Jikoni tukasikia mtu anacheka kwa pua. Alikuwa Kabula. Mama Mafunzo alipiga viganja, akamtazama yule mzee kama mtu aliyepewa zawadi. "Basi kumbe shida ya kiwanda chetu ni kukosa kuku," alisema.

Wiki hiyohiyo kila mmoja wetu alivalishwa filimbi shingoni kwa kamba, kuanzia mlinzi mpaka mpishi, na meneja pia akapewa yake. Sheria aliitoa mara moja na hakuibadilisha. Filimbi haimwiti mtu, inaiita mashine. Ukiisikia na kitufe kiko kwako, zima. Usigeuke kutazama amepiga nani, na usiulize, wala leo wala kesho. Tutatafuta kilichoonekana, aliyekiona hatumtafuti.

Kuisema ilikuwa rahisi, kuizoea ilikuwa jasho. Alitupanga tukiwa tumempa mgongo, akapita nyuma yetu na kumgusa mmoja begani, huyo akapiga filimbi, na mlishaji akazima. Aliyegeuza shingo alikosa matobolwa siku hiyo. Mzee Masanja, aliyekuwa amerudi siku ya pili baada ya safari yetu, alikosa sana mwanzoni. Shingo yake ilikuwa inageuka yenyewe. Alirudia, na sisi tukarudia, wakati wa mapumziko na kabla ya zamu, mpaka Jumapili moja uwanjani refa akapiga filimbi ya faulo na mzee wa watu, katikati ya watazamaji, akanyoosha mkono kutafuta kitufe.

Nisidanganye, mwanzoni kazi ilirudi nyuma. Filimbi zililia kwa jani, kwa unyoya wa kuku, kwa kivuli. Mashine inazimwa, tunatafuta, hatuoni kitu. Meneja alishuka ngazi mshipa umemsimama. "Mama, hawa wananimaliza."

"Wacha wapige," alisema. "Watu wamenyamazishwa miaka yote, leo wamepewa sauti, unataka waanze kwa kunong'ona?"

Kila filimbi ya bure aliigeuza somo. Alileta lile jani, lile jiwe, kile kinyoya, akatuwekea mkononi tukiwa tumefumba macho tuvitofautishe kwa kugusa tu. Polepole filimbi za bure zikapungua, na zile zilizobaki zilikuwa na sababu. Waokotaji walianza kuona vitu ambavyo zamani vilipita. Nyuzi zilizofika kwenye presi zikawa nyeupe mpaka nikawa naogopa kuzishika na mikono yangu yenye grisi. Yule karani wa zamu mwenyewe akaja kuomba afundishwe mkanda, na Mama Mafunzo akamfundisha, akianza na salamu.

Karibu na mwisho wa msimu walikuja wanunuzi wa nyuzi. Meneja aliwatembeza mwenyewe, shati jeupe, tabasamu la wasiwasi. Walipofika mkandani, pale pale penye kinu kilichoungua kikatengenezwa upya, filimbi ikalia.

Mzee Masanja alizima. Hakugeuza hata kope. Kiwanda kikawa kimya ghafla, wageni wakatazamana. Tuliingiza mikono kwenye pamba mdomoni mwa kinu, tukavuta, ikatoka minyororo ya jembe la kukokotwa na ng'ombe, mizima, ina kutu na udongo wa shamba. Ilikuwa imebaki kidogo sana kufika kwenye meno.

"Nani ame..." meneja alianza. Mama Mafunzo aliinua kiganja. Meneja akafunga mdomo, na hapo ndipo nilipoamini kwamba kweli hakuna binadamu asiyefundishika. Mmoja wa wageni aliichukua ile minyororo, akaipima uzito mkononi. "Kwingine ninakonunua," alisema, "hii ingekuwa moto."

Sisi hatukuuliza, lakini hatukuwa vipofu. Filimbi moja ilikuwa bado inaning'inia na kuyumba kifuani kwa Kabula, naye ameinamisha macho kwenye pamba kama hakuna kilichotokea. Mzee Masanja, bado ametazama mbele, aliupigapiga ule mwili wa kinu kwa kiganja na kukiambia, "Wabeja." Asante, kwa lugha yetu. Kinu hakikujibu. Kabula alitabasamu.

Msimu ulifungwa bila moto. Wanawake walibaki kwenye mkanda, watu wa nje hawakuletwa, na meneja alilisema hilo uani mbele yetu sote kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Tulicheza ngoma siku ile mpaka vumbi likafunika malori. Nilifurahi kama nimejengewa nyumba, na sioni aibu kusema. Nyumbani kwa Mzee Masanja hakuna kilichobadilika: Kabula bado anampisha njiani, na nyoka akija bado wanafukuzwa kuku.

Mama Mafunzo alistaafu akarudi Nassa kulima mpunga na pamba. Kazi yake alipewa Kabula, na ninaposema Kabula anaiweza sisemi kwa kupendelea. Kwa muda mrefu hatukumwona mama yetu, tulipata salamu tu na picha za kidole chake.

Msimu huu uliopita lori moja liliingia getini na yeye amekaa mbele na dereva. Wenzake wa Nassa walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa chama chao cha wakulima, na ameisindikiza pamba yao mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo, sauti ni ileile. Alisalimia mpaka lori likamaliza kupakuliwa. Kisha akasimama kando ya mkanda, mikono kiunoni, akasema ili wote tusikie, "Tazameni pamba hiyo. Nimewafundisha wakulima wangu mwenyewe. Hamtakuta hata mchanga."

Pamba yake haikufika mbali. Filimbi ililia, na Mzee Masanja, katika msimu wake wa mwisho kabla ya kupumzika, akazima. Tukaingiza mikono. Ilitoka kengele ya ng'ombe, kubwa, na kamba yake ya ngozi.

Mama Mafunzo aliitazama kengele ile kama inataka kumpiga pembe. "Mpaka humu wananifuata," alisema. Halafu kwa hasira ya mwenye mali akageuka kututazama. "Nani kapiga?"

Mzee Masanja, bila kugeuza shingo, akasema taratibu, "Mayu, hapa hatuulizi."

Nilimwona anakumbuka. Uso wake ulianza kucheka na macho yakajaa machozi kwa wakati mmoja, akakaa kwenye ukingo wa mkanda. Kabula alikuja na filimbi mpya, akamvalisha shingoni kama anavyofanya kwa kila anayeingia sakafuni kwetu, akampigia goti na kumwambia sheria yote tangu mwanzo, kwamba filimbi haimwiti mtu, inaiita mashine, ukiisikia zima, usigeuke, usiulize. Hakuruka hata neno moja. Akamaliza na kumuuliza, "Umeelewa, Mama?"

"Nimeelewa," alisema Mama Mafunzo.

Alijiziba mdomo mara moja, lakini alikuwa amechelewa. Zamu nzima, pamoja na Mzee Masanja aliyekuwa ameruhusu shingo yake kugeuka kwa mara ya kwanza tangu siku zile, tulikuwa tumeshamtazama mikono.